Nakatwa ada ya chama kila mwezi, mshahara wangu unapiganiwa wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mtendaji wa kijiji, halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa, huu mwaka wa nane kazini. Kila mwezi nakatwa asilimia 2 ya TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na chama chenyewe nakiona Mei Mosi tu, tunapewa tisheti na kofia, tunaandamana, tunarudi nyumbani. Mwaka 2025 tuliambiwa nyongeza ya mshahara ya asilimia 35.1 lakini slipu yangu ya Julai haikusogea huko hata karibu. Barua ya kupanda cheo ninayo, hela za nyuma sijaziona. Naomba kujua, hiki chama kinapigania mshahara wetu kweli au kinakula ada tu? Nikijitoa napoteza nini? Na kwanini na sisi tusigome kama wenzetu wa kaunti za Kenya?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mambo manne kwa mpigo na kila moja lina mlango wake, kwahiyo vumilia maana nitakuwa mrefu. Mimi nimekaa pande zote mbili za hiyo meza, nilianza kama afisa utumishi kwenye halmashauri, baadae nikahamia upande wa vyama, na kitu ambacho watumishi wengi hawaambiwi ni kwamba kuna hela ya mshahara inayoamuliwa Dodoma, na kuna hela yako nyingine inayolala hapo hapo halmashauri kwako. Kelele zote tunazipeleka kwenye ile ya kwanza. Hii ya pili ndo chama kingeweza kukupatia mapema zaidi, na ndo inayosahaulika.

Tuanze na hiyo ya Dodoma. Mkurugenzi wako hapangi mshahara wako. Hata akukubali vipi hawezi kukuongezea shilingi mia kwenye mshahara wa msingi, maana uko kwenye ngazi za mishahara ya serikali, TGS, ambazo ni za nchi nzima, zinatoka kwa waraka wa Ofisi ya Rais, Utumishi, na hela inatoka Hazina. Ukienda na bango getini kwa mkurugenzi (DED) kudai nyongeza ya mshahara umekosea nyumba. Wa kuongea nae ni serikali kuu, na sheria imeweka mahali pa kuongelea: Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma, namba 19 ya 2003. Hiyo ndo imeunda mabaraza ya majadiliano, serikali za mitaa tuna la kwetu, walimu la kwao, afya la kwao, na juu yake kuna baraza la utumishi wa umma mzima. Upande mmoja wanakaa watu wa serikali, upande wa pili vyama, yaani TALGWU, TUGHE ya serikali na afya, CWT ya walimu na wengine, na juu ya vyama vyote kuna shirikisho lao TUCTA ambalo ndo inasoma risala mbele ya Rais siku ya Mei Mosi.

Sasa shida kubwa ni kalenda. Mwongozo wa bajeti unatoka mwishoni mwa mwaka, halmashauri zinaanza kuandaa ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika, na makadirio ya mishahara, ikifika Januari na Februari baraza la wafanyakazi linakaa, madiwani wanakaa, vitabu vinapanda mkoani na TAMISEMI, Utumishi wanapitia ikama, Hazina wanaweka ukomo, Bunge la bajeti linaanza Aprili. Mei Mosi inakuta mkate umeshaiva na umeshakatwa. Rais akisimama pale uwanjani akataja asilimia inayoanza Julai ujue watu wa Hazina walishaipigia hesabu miezi kabla, hakuna mtu anayetunga takwimu ya matrilioni akiwa jukwaani kwasababu mabango yamempendeza. Kwahiyo chama kinachoanza kampeni Aprili kinapiga kampeni ya kusubiri tangazo. Kazi yenyewe ni Septemba, Oktoba, Novemba, kipindi ambacho hakuna tisheti wala bendi ya shule, kuna watu wachache chumbani na makabrasha, na hapo ndo mwanachama inabidi aulize "tumepeleka nini mezani mwaka huu?" Wengi hatuulizi.

Nikukumbushe kidogo tulikotoka, maana wewe umeingia kazini katikati ya sinema. Mwaka 2010 TUCTA walitaka kima cha chini kiwe 315,000 na wakatangaza mgomo wa nchi nzima uanze tarehe 5 Mei. Siku mbili kabla, Rais Kikwete akakutana na wazee wa Dar es Salaam pale Diamond Jubilee, akasema serikali haina uwezo wa kulipa hiyo hela na kwamba kama ni kura za wafanyakazi yuko tayari kuzikosa. Ilikuwa mwaka wa uchaguzi ule! Mgomo ukaahirishwa. Sasa angalia hiyo namba ilivyotembea: kima cha chini kikapanda kidogo kidogo mpaka 300,000 mwaka 2015, halafu kikagandia hapo, enzi za Magufuli hakikuguswa. Mwaka 2016 alipunguza kodi ya mshahara kwenye kiwango cha chini kutoka asilimia 11 kwenda 9, lakini nyongeza yenyewe hapana, kulikuwa na uhakiki wa watumishi hewa, vyeti feki, reli, na Mei Mosi ya 2018 kule Iringa akasema wazi ataongeza kabla hajaondoka madarakani ila sio wakati ule. Mei Mosi ya 2021 Mwanza, Rais Samia akiwa ndo ameingia, akashusha ile kodi mpaka asilimia 8 na kuomba subira ya mwaka mmoja. Mei 2022 ikaja asilimia 23.3, kima cha chini 370,000. Yaani ile 315,000 ya 2010 tuliipita miaka kumi na mbili baadae, na wewe unajua mwenyewe sukari na nauli hazikuwasubiri TUCTA.

Halafu ikaja hiyo ya Singida, Mei Mosi 2025, asilimia 35.1, kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai. Hapa ndo kwenye malalamiko yako na naomba unielewe vizuri. Hiyo asilimia ni ya kima cha chini. Ni ya yule aliyekuwa analipwa 370,000. Kadri unavyopanda ngazi asilimia inashuka, na wewe mwenye miaka minane kazini huwezi kuwa kwenye 370,000. Kitu hicho hicho kilitokea Julai 2022, watu walisikia 23.3 wakapiga hesabu kwenye mishahara yao, wengine wakakopa kabisa kwa kutegemea, slipu zikatoka na elfu kumi na kitu, elfu ishirini, ikawa kilio mitandaoni mpaka serikali ikabidi itoke ifafanue. Ukweli ni kwamba pale Mei 2022 serikali ilitaja pia bajeti yote ya mishahara, kwamba imeongezeka kwa trilioni 1.59 na kufika trilioni 9.7, sawa na asilimia 19.51, lakini hilo ongezeko ndani yake kulikuwa na ajira mpya na kupandisha vyeo na mengine, halikuwa nyongeza ya kila mtu. Nani anasoma hivyo vitu uwanjani? Mtu anasikia namba moja anaondoka nayo.

Na hapa mimi nawalaumu viongozi wa vyama, sio wa chama kimoja, wote. Kampeni imejengwa juu ya kima cha chini kwa miaka mingi kwasababu ni namba rahisi kuandika kwenye bango, na kwa yule mhudumu wa ofisi au dereva ni haki kabisa, sipingi. Ila ukidai kima cha chini peke yake unapata kima cha chini peke yake. Katikati ya ngazi ndo wamejaa watendaji, maafisa maendeleo ya jamii, maafisa ugani, manesi, wahasibu wasaidizi, hao ndo wenye familia na mikopo ya benki, na wao nyongeza inawafikia ikiwa imechoka. Dai linalotakiwa ni jedwali zima la mishahara, ngazi kwa ngazi, na pengo kati ya ngazi na ngazi lisibanwe. Wewe ukipata nafasi ya kusimama kwenye mkutano wa tawi sema hilo, utaona wangapi watapiga makofi.

Usije ukafikiri vyama havijawahi kushinda lakini. Chukua kikokotoo, ile kanuni ya kupigia mafao ya kustaafu. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ilipounganishwa, ile LAPF yetu ya serikali za mitaa ikamezwa pamoja na PSPF, PPF na GEPF ikawa PSSSF, zikaja kanuni za kulipa asilimia 25 tu ya mafao kwa mkupuo, yaani kwa mara moja unapostaafu, wakati watu wa LAPF tulizoea 50. Watumishi wakawaka, vyama vikawaka, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu walimu, manesi na watu wa halmashauri walikuwa wanaongea kitu kimoja. Tarehe 28 Desemba 2018 Magufuli, huyo huyo ambaye hakuongeza mshahara, akawaita viongozi wa vyama Ikulu na kusimamisha kile kikokotoo. Julai 2022 kikaja cha asilimia 33, kelele zikaendelea, na bajeti ya 2024/25 ikapandisha mpaka 40 kwa waliokuwa kwenye mifuko ya 50, na 35 kwa wale wa 25. Haijarudi 50, najua, wastaafu bado wananung'unika na wana haki. Ila pale kulikuwa na dai moja linaloeleweka na linalomgusa kila mtu, na watu walilishikilia bila kungoja sikukuu. Kwenye mshahara hatujawahi kufanya hivyo sawasawa.

Sasa nije kwenye ile hela ya pili, inayolala halmashauri kwako. Hapa nisikilize vizuri.

Umesema una barua ya kupanda cheo na hela za nyuma hujaziona. Tuseme barua inasema kuanzia 1 Julai, halafu mshahara ukabadilishwa kwenye mfumo Machi, na tofauti ya mshahara wa zamani na mpya ni 130,000. Hiyo ni miezi minane, milioni 1 na elfu 40. Juu ya hiyo kuna michango ya PSSSF ya hiyo tofauti, mwajiri anatakiwa kuweka asilimia 15 na wewe 5, kwahiyo kuna 156,000 za mwajiri ambazo nazo hazijaingia, na pensheni inapigwa kwa wastani wa mishahara yako mizuri ya miaka mitatu, ukizembea hivi karibu na kustaafu inakuuma mpaka kaburini. Linganisha na nyongeza ya elfu ishirini inayokufanya ukose usingizi Mei Mosi, ukiisubiri hiyo elfu ishirini ifikishe milioni 1 na elfu 40 utasubiri miezi hamsini na mbili.

Na hayo ni malimbikizo ya mshahara peke yake. Bado kuna yale wanaita madai yasiyo ya mshahara. Nauli ya likizo, ambayo kwa Kanuni za Kudumu unastahili kila baada ya miaka miwili. Uhamisho, kama ulihamishwa kwa maslahi ya umma unastahili posho ya kujikimu, kubebewa mizigo, na posho ya usumbufu asilimia 10 ya mshahara wako wa mwaka. Posho ya kukaimu kwa mtendaji aliyekaimishwa kata mwaka mzima kwa maneno ya mdomo bila barua. Nimeshawahi kufungua droo ya ofisi moja ya utumishi (naihifadhi jina) nikakuta madai ya watendaji yamefungwa na rababendi kwa miaka, mengine hayana hata muhuri wa kupokelewa, na ukimuuliza mtu anakwambia "bajeti haitoshi". Haitoshi kwasababu hakuna aliyeyaingiza kwenye bajeti! Dai ambalo halipo kwenye orodha ya madeni iliyohakikiwa halipo, hata Rais atangaze nini.

Haya ya likizo na uhamisho hayahitaji waraka wa Dodoma. Mengi yanalipwa na OC (fedha za matumizi mengineyo) au mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ushuru wake wewe mtendaji ndo unakusanya kijijini na mashine ya POS mkononi. Kwenye mapato hayo kuna asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kuna sehemu ya miradi, na kinachobaki kinagombaniwa na mafuta ya magari, vikao na posho. Anayepiga kelele kwenye kikao cha bajeti ndo anayepata mstari wake kwenye kitabu. Na chama kina kiti kwenye hicho kikao. Baraza la wafanyakazi, lile lililoanzishwa kwa Agizo la Rais namba 1 la 1970, mkurugenzi ndo mwenyekiti, wawakilishi wa watumishi wamo, chama kimo, na linatakiwa kupitia bajeti kabla haijaenda kwa madiwani. Kwenye halmashauri nyingi hicho kikao kinakuwa cha nusu siku, kitabu kinagawiwa asubuhi hiyo hiyo, watu wanakula wanasaini posho wanaondoka. Kama katibu wa tawi lako anaenda pale bila orodha ya madai ya wanachama wake, jina kwa jina na kiasi, basi hapo swali lako la "kinakula ada tu" lina uzito.

Kwahiyo fanya hivi. Barua ya cheo, slipu ya mwezi wa mwisho kabla ya mabadiliko na slipu ya kwanza baada ya mabadiliko, toa nakala. Andika barua ya madai kwa mkurugenzi kupitia kwa mtendaji wako wa kata, usiruke ngazi wasije wakapata sababu, na nakala peleka kwa katibu wa tawi. Hakikisha yako inagongwa muhuri na kuandikwa tarehe. Muulize afisa utumishi kama malimbikizo yako yameshaingizwa kwenye mfumo na yamefika hatua gani, maana kuna tofauti kubwa kati ya "yameidhinishwa yanasubiri malipo Hazina" na "hatujayaingiza bado", la kwanza unasubiri, la pili unakaa hapo hapo ofisini mpaka yaingizwe. Na kama ulicheleweshwa cheo kwa ile miaka ya kuganda, uliza kuhusu mserereko, yaani kupandishwa kufidia muda uliopotea, kuna wengi walirekebishiwa kwa utaratibu huo na kuna ambao walipitwa kwasababu tu faili lilikuwa na kasoro ndogo.

Halafu usiende peke yako. Mtendaji mmoja mwenye barua ni msumbufu, watendaji arobaini wenye jedwali moja ni hoja. Katika mambo niliyoyaona yakitembea haraka ni tawi kuchukua ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ya halmashauri yao, ile inayojadiliwa kwenye baraza maalum la madiwani, kuangalia kama kuna hoja ya madai ya watumishi yasiyolipwa au makato yasiyopelekwa, na kumwekea diwani mezani. Wakurugenzi wanaogopa hoja ya CAG isiyofungwa kuliko wanavyoogopa bango lolote, kwasababu hiyo itamfuata mpaka mbele ya LAAC, kamati ya hesabu za serikali za mitaa bungeni, na pale hakuna kujibu kwa mkato.

Mgomo sasa. Utumishi wa umma Tanzania haujakatazwa kugoma moja kwa moja, ila barabara ya kufika huko imejaa mageti: majadiliano yafeli, usuluhishi ufeli, kura ya wanachama, notisi, na kuna huduma ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaziita huduma muhimu, maji, afya, zimamoto na kadhalika, ambako mgomo hauruhusiwi kirahisi. Ndani ya TALGWU kuna watu wa zahanati, hao wanabaki kazini hata nyie mkitoka. CWT walijaribu mwishoni mwa Julai 2012, siku chache tu Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ikasema mgomo ni batili, walimu wakarudi darasani. Mimi sisemi msigome kamwe, nasema chama ambacho hakiwezi kujaza ukumbi kwenye mkutano wa tawi kisiongelee mgomo, ni kujitia aibu.

Kenya ni mfumo mwingine kabisa, ndo maana kulinganisha kunapotosha. Kule kuna kaunti 47, kila kaunti ni mwajiri wake, na chama cha wafanyakazi wa kaunti kinasaini mkataba wa hali bora na kaunti moja moja, Tume ya Mishahara SRC ikitoa ushauri wake. Notisi ya mgomo ni siku saba. Ndo maana unaona mara Nairobi, mara kaunti nyingine. Lakini sikiliza wanachogomea: mara nyingi ni mshahara wa mwezi uliopita haujaingia kwasababu Hazina ya serikali kuu haijatuma mgao, au mkataba umesainiwa na gavana hautekelezi. Wewe mshahara wako unatoka kabla ya mwezi kuisha, sio mkubwa lakini unatoka. Mkenya ana meza ya majadiliano hapo hapo nyumbani, ana nguvu ya kumbana mwajiri wake, na analipa kwa kuchelewa. Kila mfumo na maumivu yake, ukitaka wa kwao chukua na hayo.

Mwisho ada. Asilimia 2 ya 500,000 ni 10,000 kwa mwezi, 120,000 kwa mwaka, na mtu wa kima cha chini ndo huyo, wewe unakatwa zaidi. Halmashauri yenye wanachama 500 wa kiwango hicho tu inapeleka milioni 60 kwa mwaka. Kwa hela hiyo mna haki ya kuuliza tisheti zilinunuliwa shilingi ngapi na tawi lilirudishiwa kiasi gani. Na sio kuuliza kwa fadhila, sheria ya 2004 inataka chama kiandae hesabu kila mwaka, zikaguliwe na mkaguzi aliyesajiliwa, na mwanachama anaruhusiwa kuzikagua ofisini kwa chama. Hujawahi kuona mtu akienda kuziomba, sio? Mimi nimeona wachache sana, na walipoenda mambo yalibadilika kidogo, hata lugha ya katibu kwenye simu ilibadilika.

Kujitoa inawezekana, unaandika notisi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama kufuta ile idhini ya makato uliyosaini kwenye fomu ya TUF 6. Ila kuna ishu: chama chenye wanachama wengi kuliko wote kwenye eneo lenu la kazi kinaweza kuwa na makubaliano ya ada ya uwakala na mwajiri, na hapo hata asiye mwanachama anakatwa, kwa hoja kwamba anafaidika na majadiliano yale yale. Sheria inasema ada hiyo isizidi ada ya mwanachama, lakini inaweza ikalingana nayo. Kwahiyo unaweza ukajitoa, ukaendelea kukatwa, na ukapoteza kura yako ya kumchagua katibu wa tawi pamoja na mtu wa kukusindikiza siku ukiitwa kwenye kamati ya nidhamu kuhusu POS iliyopotea au ushuru ambao haujafika benki. Watendaji wa vijiji mnajua hiyo kesi inavyokuja, na siku hiyo ndo chama kinakumbukwa.

Kuna jambo moja zaidi la kampeni ambalo ni lenu nyie watendaji wa vijiji. Kwenye bajeti ya 2021/22 serikali ilianza kuwalipa watendaji wa kata posho ya 100,000 kila mwezi. Nyie wa vijiji hamkuwemo, na kazi ya kijiji unaijua, migogoro ya mipaka usiku, mikutano, wageni wa wilaya, michango ya shule, mafuta ya pikipiki yanatoka mfukoni kwako. Hilo ni dai lenye mfano wake tayari kwenye vitabu vya serikali yenyewe, linahesabika kwa idadi ya vijiji, na halihitaji kubadilisha jedwali la mishahara ya nchi nzima. Likusanyeni kwenye matawi ya mkoa wenu, wekeni gharama halisi za mwezi za watendaji kadhaa na risiti zao za mafuta, mlifikishe kwa katibu wa mkoa kabla ya Oktoba ili liende mezani na mwongozo wa bajeti ukiwa bado mbichi. Mkihitaji mtu wa kuwapitishia andiko nitumieni nilisome, ila muhuri wa barua yako ya malimbikizo uupate wiki hii.